Punje Moja ya Mama Veneranda

Saa moja kasoro robo asubuhi. Baridi ya Iringa bado haijaamua kuondoka, na fundi Obeid Chengula anasugua kitu kidogo kwa kitambaa kilichopakwa dawa ya meno. Amevaa koti la suti juu ya sweta, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na jicho la kulia limebana kile kioo cheusi cha kukuzia cha mafundi saa. Anasugua, anapuliza, anatazama, anasugua tena.

Kitu chenyewe ni mbegu. Ni ya kijivu, ngumu, ndogo kuliko punje ya hindi, ina tundu la kuzaliwa nalo katikati. Huota kwenye majani marefu kando ya mto, na kwa macho ya mtu wa kawaida, akiwemo mwandishi huyu, imeshang'aa vya kutosha tangu juzi.

"Bado ina ukali," fundi Obeid anasema bila kuinua kichwa. "Hii atajua."

Atakayejua ni Mama Veneranda Kikoti, mwenye umri wa miaka 79, jirani yake hapa Mlandege. Mwezi Machi mwaka huu kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na maneno yote. Alichobaki nacho ni rozari yake ya mbegu, aliyoihamishia mkono wa kushoto na kuendelea kusali kimyakimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nane zilizopita rozari hiyo ilikatika.

Tangu siku hiyo Mama Veneranda analala amegeukia ukutani. Uji anaonja vijiko viwili, kikombe anakisukuma. Wiki iliyopita majirani walikuja kumwombea, na yeye hakuwatazama.

Leo Jumatatu, saa kumi na moja jioni, jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa inasali nyumbani kwake. Ni Oktoba, mwezi wa rozari, na zamu ya nyumba yake imefika. Fundi Obeid ameahidi kwamba hadi muda huo rozari itakuwa mkononi mwa mwenyewe, ikiwa na punje zake zote hamsini na tisa. Anazo hamsini na nane. Ya hamsini na tisa ndiyo hiyo anayoisugua.

"Na uzi uliokatika ni wa kwangu," anasema. Sasa ameinua kichwa. "Niliuweka mimi miaka kumi na moja iliyopita. Nikamwambia, Mama, huu haukatiki hata uvutwe na punda. Maneno yangu hayo. Sasa nijifiche wapi?"

Hapa ndipo inabidi msomaji aambiwe jambo moja, ambalo fundi mwenyewe hulisema huku akicheka kabla hujacheka wewe. Fundi rozari anayetegemewa na Wakatoliki wa nusu ya mji wa Iringa ni Mlutheri. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, kutoka Makete, mwimbaji wa besi, na Jumapili humpati mahali pengine popote ila kwenye kwaya.

Ufundi aliojifunza ni wa saa. Alifika mjini mwaka 1991 akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, akafundishwa na mjomba wake, na miaka mitatu baadaye akapata meza hii barazani mwa duka la vifaa vya umeme. Siku hizo, anasema, mtu akipewa saa siku ya harusi anaivaa mpaka wajukuu. Alikuwa anatengeneza saa za watu nane, tisa, kwa siku.

Kisha zikaja simu. Kila mtu akawa na saa mfukoni, tena inayopiga kengele na kuimba. Wateja wakapungua mpaka wakabaki wa kubadilisha betri, nao wanakuja wakiwa wamesimama mguu mmoja.

"Nilishaanza kuangalia cherehani," anakumbuka. "Mke wangu akaniambia, wewe na vidole hivyo, utashona nini? Utashona nguo za wanasesere?"

Rozari ya kwanza kuletwa mezani kwake ilikuwa hiyohiyo ya Mama Veneranda, mwaka 2013. Marehemu mume wake ndiye aliyeokota mbegu zake Mto Ruaha Mdogo na kuzitunga mwaka waliofunga ndoa. Uzi ulikuwa umeoza na mbegu moja imepasuka. Mama aliuliza kama fundi saa anaweza kutunga upya. Fundi saa, ambaye siku hiyo hakuwa ameshika shilingi, alisema hiyo ni kazi ndogo sana.

Na kweli aliimaliza kwa nusu saa. Ile mbegu iliyopasuka aliitupa, akazisogeza nyingine, akafunga. Alifanya kile kile anachofanya kwenye mkanda wa saa ukiwa mrefu, unatoa pingili moja na saa inakaa vizuri mkononi. Alijiona amefanya jambo la maana, hata akamwambia mteja kwamba sasa imekaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kesho yake, kabla hajafungua kufuli la sanduku lake, Mama Veneranda alikuwa amesimama mezani.

"Kamwene," alimsalimia, kisha bila kungoja habari za nyumbani akamwambia, "Umenilia Salamu Maria yangu moja."

Fundi Obeid anaigiza sauti ya mama huyo vizuri mno. Muuza vocha wa jirani anageuka kusikiliza, ingawa ni wazi ameshaisikia hadithi hii mara kumi.

"Mimi hata sikuelewa. Nikamwambia, Mama, nimekula nini? Mimi Mlutheri, Salamu Maria ningeipatia wapi? Akaninyooshea rozari. Akasema, tendo la tatu lina punje tisa badala ya kumi. Nimesali alfajiri gizani, kidole kimefika kwa Baba Yetu mimi sijamaliza. Nikabaki naning'inia."

Alijaribu kujitetea kwamba ni punje moja tu kati ya hamsini na tisa, nani angegundua. Mama Veneranda alivuta benchi akaketi. Alikaa pale, kwa hesabu ya fundi, kama saa mbili, na hakuondoka mpaka kazi ilipofanywa upya mbele ya macho yake, kwa mbegu ya akiba aliyokuja nayo kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka.

Ilipokwisha, fundi alianza kukagua kwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Mama akamzuia mkono.

"Akaniambia, usihesabu. Ukihesabu utasinzia, utakosea tena. Fumba macho, weka kidole, halafu tazama. Nikamuuliza, nimefumba macho, nitatazamaje? Akasema, mtazame Maria anapanda mlima kwenda kumwona Elizabeti."

Fundi alidhani anaambiwa akumbuke picha ya kwenye kalenda. Lakini Mama Veneranda, ambaye amezaliwa Kilolo na miguu yake inaijua milima, alianza kumsimulia safari hiyo kama aliyekuwepo. Kwamba binti ana mimba changa, anatapika njiani. Kwamba jua linachoma na hakuna bodaboda. Kwamba huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo lazima kuna kitu alibeba kichwani.

"Nikamuuliza, alibeba nini? Akajibu bila kufikiri, maharage." Fundi Obeid anacheka mpaka kioo kinamdondoka jichoni. "Maharage! Nikamwambia, Mama, kwenye Biblia yangu hakuna maharage. Akasema, basi kwenye Biblia yako hakutembea mwanamke. Halafu nafumbua macho nakuta kidole kimemaliza kumi zote. Zimekaa sawa. Sikuhesabu hata moja."

Tangu siku hiyo kila rozari inayopita mezani kwake huikagua kwa namna hiyo. Hufumba macho, akapitisha punje moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia msalabani mpaka inaporudi. Iliyobana huisikia. Iliyopungua huisikia. Fundo lililokaa vibaya linamkwaruza na anafungua upya.

Mwandishi huyu alimuuliza kama huko ndiko kusali.

"Napima," alijibu haraka.

"Anapima dakika ishirini, na midomo inacheza," anasema mkewe, Yudith, aliyekuja kumletea chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Yeye ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. "Kanisani waliniuliza, eti mume wako amehamia Roma? Nikawaambia hajahamia, anapita tu kila siku asubuhi na kurudi jioni."

Je, yeye mwenyewe jambo hilo linamsumbua? Yudith anamimina chai kabla ya kujibu. Anasema zamani mumewe alikuwa akirudi nyumbani na hasira za saa zilizokataa kutembea, akinuna mpaka chakula kinapoa. Siku hizi anarudi akiwa ametulia. "Sasa mimi nitagombana na kitu kinachonirudishia mume ametulia? Siwezi."

Mama Veneranda hakumfundisha tu. Jumapili iliyofuata alisimama baada ya misa na kuwatangazia wanawake wa parokia kwamba Mlandege kuna fundi, ni Mlutheri lakini ana adabu. Wiki hiyo zikaja rozari kumi na nne, nyingine zikiwa zimefungwa kwa uzi wa gunia. Leo rozari ndizo kazi yake kubwa. Kutunga upya ni shilingi elfu tatu, na siku nzuri anarudi nyumbani na elfu kumi na mbili au kumi na tano. Zimelipa ada za watoto wawili mpaka kidato cha nne.

Nyingine husafiri. Mezani kuna bahasha iliyokuja na basi kutoka Mbeya. Ndani yake mna rozari ya Lusekelo, mchimbaji wa dhahabu Makongolosi, anayeshuka shimoni nayo shingoni na kila baada ya miezi michache huirudisha imekatika. Ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha: "Fundi, weka uzi mnene, huku kuna mawe." Fundi ameshaitunga tena mara tano.

Lakini bahasha hiyo leo itasubiri, na zote nyingine pia. Tangu Jumanne fundi hajagusa kazi ya mtu mwingine.

Saa nne asubuhi anafika Juliana, binti mkubwa wa Mama Veneranda. Ana miaka hamsini na moja, huuza vitunguu sokoni, mzigo wake ukitoka Ruaha Mbuyuni mara mbili kwa wiki. Tangu Machi analala chumba kimoja na mama yake. Uso wake ni wa mtu ambaye hajalala vizuri, lakini anapoulizwa ilikuwaje rozari ikakatika, hawezi kuisimulia bila kucheka.

"Jumapili ile nilimtoa nje aote jua. Amekaa kwenye kiti chake, anasali zake. Mimi niko jikoni. Nasikia tu kama mvua ya mawe kwenye bati, tatatata. Natoka mbio, rozari imenasa kwenye mkono wa kiti, kavuta, uzi umeachia. Punje zimetawanyika uwanja mzima. Na wewe unajua kuku. Wakaona mama leo kawamwagia mahindi."

Alipiga kelele, akafukuza, akapiga magoti akaokota na majirani wakaokota. Wakati huo mama yake alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto chini, hafiki, na hawezi kusema chochote. Juliana anaacha kucheka hapo. Anasema sura aliyokuwa nayo mama yake dakika ile hajawahi kuiona hata siku walipomzika baba.

Walipata hamsini na saba. Mbili zilikuwa tumboni mwa kuku.

Jumatatu alimchinja tetea mwekundu, mshukiwa wa kwanza. Punje ilikuwemo kwenye firigisi, imesuguliwa na mchanga mpaka inang'aa kuliko wenzake. Jumanne akamchinja mweupe, na hakukutwa na kitu. Amebaki jogoo, ambaye ana hatia kwa macho ya kila mtu, lakini ndiye anayewaamsha kwa sala ya alfajiri.

"Nikasema nikimmaliza na huyu na punje isipatikane, nitamwambia nini mama? Nikaja kwa kaka Obeid."

Kabla ya kuja alikuwa amejaribu njia fupi. Alinunua rozari mpya tatu, ya plastiki nyeupe, ya mbao na moja ya gharama yenye vioo vya bluu. Mama yake alizishika moja baada ya nyingine, akapitisha punje mbili, akaziachia zianguke kitandani. Usiku mzima mkono ulikuwa unapapasa shuka.

"Wauguzi wanasema mtu wa hivi akiacha kula anakwenda haraka," Juliana anasema kwa sauti ya chini. "Sitaki kusema anakufa. Lakini amejiachia, kaka. Mimi namjua. Amejiachia."

Fundi Obeid anarudisha kioo jichoni. Anachukua kitambaa.

Mbegu mpya aliifuata mwenyewe Jumamosi. Mbegu za kile kikopo cha akiba Mama Veneranda alishazigawa zote kwa watoto wa komunyo ya kwanza, kwa hiyo hapakuwa na njia ila kwenda mtoni. Oktoba ni mwezi mbaya, majani yamekauka na mbegu nyingi zimeshadondoka. Alitembea ukingoni kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, akapoteza kiatu kimoja kwenye tope, akarudi na mbegu kumi na mbili. Moja tu ndiyo ilikuwa na ukubwa unaofaa.

Tatizo likawa jingine. Punje za zamani zimepitiwa na kidole cha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka hamsini na zimekuwa laini kama kitako cha kijiko. Ile mpya ilikuwa na mistari, ukingo, na ubaridi wa kitu ambacho hakijashikwa na mtu. Kwa jicho zinafanana. Ukifumba macho, anasema fundi, ni kama mgeni ameketi kwenye kiti cha baba.

Kwa hiyo amekuwa akiisugua kwa dawa ya meno, dawa ileile anayotumia kuondoa mikwaruzo kwenye vioo vya saa. Jumamosi jioni, Jumapili baada ya ibada, na leo. Kati ya kusugua na kusugua anaiweka mfukoni mwa suruali ili ipate joto la mwili.

Saa saba mchana anaanza kutunga. Safari hii uzi ni wa kushonea mipira ya miguu, ameupaka nta na kuuning'iniza na jiwe kwa siku mbili aone kama utavutika. Kila baada ya kumi anafunga fundo, anavuta, anasikiliza. Juliana amerudi sokoni. Mji unapita mbele ya meza na kelele zake, na fundi hana habari nao.

Punje ya kuku ameiweka tendo la pili. Ile mpya ameifikiria sana. Mwanzoni haiwezi kukaa, Mama ataikuta kabla hajakolea na ataitupa rozari nzima kama alivyotupa zile tatu. Ameiweka tendo la tano, punje ya nne. Anatumaini kwamba akifika huko atakuwa mbali kimawazo na kidole kitapita.

Kisha anavua kofia, anafumba macho, anapima. Akimaliza anaifunga kwenye leso safi, anafunga na meza. Ni saa kumi kamili.

Nyumba ya Mama Veneranda ni ya vyumba vitatu, nyuma ya mashine ya kukoboa. Majirani wameshaanza kuingia, kina mama na khanga zao, wazee wawili, wengine mikekani, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Liberatus, anapanga mshumaa na sanamu ndogo ya Bikira Maria juu ya kitambaa cha kudarizi. Mama Veneranda ameketishwa kwenye kiti chake, mto mgongoni, shingo imegeuka upande wa ukuta.

Fundi Obeid anampa Juliana leso na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mzee Liberatus anamwona.

"Fundi, kaa. Hatukubatizi upya."

Watu wanacheka, naye anaketi kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mikononi.

Juliana anapiga magoti mbele ya mama yake. Anakunjua leso, anachukua mkono wa kushoto, anaweka rozari kiganjani. Mkono haufungi. Unabaki wazi kwenye paja, punje zimelala juu yake, na kwa muda ambao kila mtu chumbani anauona ni mrefu, hakuna kinachotokea. Fundi Obeid anatazama viatu vyake.

Kidole gumba kinasogea. Kinagusa msalaba, kinaupapasa pembe zote nne, kinapanda kwenye punje ya kwanza kubwa. Halafu mkono unafunga.

Mama Veneranda anafumba macho, na uso wake unaondoka ukutani. Juliana anabaki amepiga magoti palepale. Mzee Liberatus anajikohoza na kuanza kwa ishara ya msalaba.

Ni Jumatatu, siku ya matendo ya furaha. Sauti moja inatangulia, nyingine zinapokea, na katikati yao kidole gumba cha mwanamke asiyesema kinatembea bila kupitwa wala kutangulia. Tendo la kwanza linakwisha. Tendo la pili linakwisha, na punje ya kuku imepita salama. Jogoo anachungulia mlangoni na kufukuzwa. Mwandishi huyu, ambaye rozari yake ya komunyo ya kwanza hajui iliko, alijikuta naye anapokea na wenzake kwa maneno aliyodhani ameyasahau.

Kwenye tendo la tano fundi Obeid hatazami tena viatu. Anatazama kidole. Moja. Mbili. Tatu.

Kidole kinasimama.

Jumuiya inaendelea kwa nusu sala hivi. Kisha Mzee Liberatus anaona, ananyamaza, na wengine wananyamaza mmoja mmoja mpaka chumba kizima kimekuwa kimya kinamsubiri mtu mmoja. Kidole kinarudi punje moja nyuma. Kinakuja mbele. Kinarudi tena. Ukucha unakwaruza taratibu.

Mama Veneranda anafumbua macho na kutafuta chumbani, mtu kwa mtu, mpaka anapofika mlangoni. Anainua mkono wenye rozari, anaita kwa vidole.

Fundi Obeid anavuka mkeka akiwa ameinama, anapiga magoti karibu na Juliana. Mama anamshika kidole gumba, anakibandika juu ya ile punje ya nne na kukikandamiza. Anamtazama. Nyusi moja, ile inayoweza, imepanda juu.

"Ndiyo, Mama," fundi anasema. "Hiyo ni mpya. Ya zamani imeliwa na kuku. Nimeisugua siku tatu. Uzi ule wa kwanza nilikudanganya, unisamehe."

Sauti inayotoka kwa Mama Veneranda ni ya ajabu, na kwanza watu wanadhani ameanza kulia. Juliana anainuka kumshika. Lakini analia nani? Anacheka. Nusu ya mdomo inacheka na nusu imelala, mabega yanatikisika, machozi yanatoka jicho moja. Anauachia ule mkono wa fundi, anauchapa kofi dogo, mara mbili. Halafu anarudisha kidole kwenye punje ya nne na kumwashiria Mzee Liberatus kwa kichwa kwamba aendelee.

Mzee Liberatus anaendelea, kuanzia pale waliposimama.

Baadaye, watu wakiwa wanaagana uani na mwanga bado upo, Juliana anatoka na kikombe cha uji. Anakigeuza juu chini kila mtu aone. Hakidondoshi hata tone.

"Siku nane hajamgombeza mtu hata kwa jicho kwenye nyumba hii," anamwambia fundi Obeid. "Hata mimi. Nilishaanza kumuaga moyoni, kaka, nisikufiche." Anajifuta kwa pembe ya khanga. "Leo kakupiga."

Fundi anautazama mkono wake uliopigwa, anacheka kidogo, anavaa kofia. Anasema mbegu kumi na moja zilizobaki atazipanda mvua zikianza, nyuma ya nyumba yake pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita, maana zinapenda unyevu. Hataki tena kwenda kubahatisha mtoni. Zitakomaa mwezi wa sita, nyingi tu, na atamletea Mama achague ya kuweka badala ya ile.

Mwandishi huyu akauliza, kwa ile tabia mbaya ya kazi yake, kama Mama Veneranda atafika mwezi wa sita.

Fundi Obeid akamgeukia Juliana. Juliana ndiye aliyejibu, huku akimsukuma jogoo kwa mguu.

"Mwezi wa sita atakuwa na miaka themanini," alisema. "Wewe mletee zote, kaka. Azikatae mwenyewe, moja moja."